Quest 3, Quest 3S au PlayStation VR2: ipi inakufaa?

Anayetafuta miwani ya uhalisia pepe (VR) ya kutumia nyumbani, na hataki kwenda mbali na dola 500 kwa miwani yenyewe, hubaki na majina matatu: Meta Quest 3, Meta Quest 3S na PlayStation VR2 ya Sony. Zote tatu zimekaa sokoni vya kutosha na zina gemu nyingi. Tatizo ni kwamba watu huzilinganisha kwa bei ya boksi na idadi ya pikseli tu. Mtu huishia kuitumia miwani mwaka mzima, au kuiweka kabatini baada ya wiki mbili, kwa sababu nyingine kabisa: inahitaji chombo gani pembeni, lenzi zake zinalingana vipi na macho yake, na umeme ukikatika inakuwaje.

Vigezo

Tutazipima kwa mambo sita. La kwanza ni utegemezi: miwani inajitosheleza au lazima ichomekwe kwenye PS5 (mashine ya gemu ya Sony) au kompyuta? Hilo huamua bei halisi, kwa hiyo linatangulia. La pili ni lenzi na skrini, ambapo ndipo tofauti kubwa ilipo. La tatu ni namna inavyokaa kichwani. La nne ni vidhibiti vya mkononi na uwezo wa kuona chumba kupitia kamera. La tano ni umeme na intaneti. La sita ni bei hadi miwani ifike mlangoni kwako.

Kabla ya kuendelea, pima umbali kati ya mboni zako, kwa sababu utauhitaji. Simama mbele ya kioo, kama sentimita 20 hivi. Shika rula yenye milimita, ikae juu kidogo ya pua. Fumba jicho la kulia, weka sifuri katikati ya mboni ya kushoto. Bila kusogeza kichwa wala rula, fumbua la kulia, fumba la kushoto, usome mstari ulioangukia katikati ya mboni ya kulia. Rudia mara tatu na uchukue wastani. Watu wazima wengi wapo karibu na milimita 63, lakini si ajabu kukuta mwenye 56 au 71. Ukipimwa miwani ya kawaida kwa daktari wa macho, mwombe akuandikie namba hiyo, maana huipima kila siku.

| | Quest 3 | Quest 3S | PS VR2 |
|---|---|---|---|
| Ilitoka | Oktoba 2023 | Oktoba 2024 | Februari 2023 |
| Bei ya uzinduzi Marekani | $499.99 (GB 128), $649.99 (GB 512) | $299.99 (GB 128), $399.99 (GB 256) | $549.99 |
| Pikseli kwa kila jicho | 2064 × 2208 | 1832 × 1920 | 2000 × 2040 |
| Skrini | LCD mbili | LCD moja | OLED mbili, HDR (mwanga na giza vyenye kina zaidi) |
| Lenzi | Pancake | Fresnel | Fresnel |
| Upana wa kuona | digrii 110 | digrii 96 | digrii 110 hivi |
| Picha kwa sekunde | hadi 120 | hadi 120 | 90 au 120 |
| Uzito | gramu 515 | gramu 514 | gramu 560 hivi, bila kuhesabu waya |
| Ubongo wake | Snapdragon XR2 Gen 2, RAM GB 8 | Snapdragon XR2 Gen 2, RAM GB 8 | PS5 au kompyuta |

Bei mbili kati ya hizo zilishuka baadaye. Septemba 2024 Meta iliteremsha Quest 3 ya GB 512 hadi $499.99, na Machi 2025 Sony iliteremsha PS VR2 hadi $399.99. Bei za vifaa hivi hazitulii, kwa hiyo angalia duka rasmi siku unayonunua.

Inahitaji nini pembeni?

Quest 3 na Quest 3S ni kompyuta kamili unayoivaa usoni. Unahitaji simu yenye programu ya Meta Horizon, akaunti ya Meta na intaneti siku ya kuiwasha. Baada ya hapo gemu nyingi ulizokwisha kupakua hucheza bila intaneti. Kwa kuwa zote mbili zina kichakataji kimoja na RAM ile ile, karibu kila gemu ya Quest 3 inacheza kwenye 3S pia. Hapa wengi hupotea: hudhani 3S ni ya polepole kwa sababu ni rahisi. Haiko hivyo. Pesa ilipunguzwa kwenye lenzi, skrini na hifadhi, wala si kwenye nguvu.

Ukiwa na kompyuta yenye kadi nzuri ya michoro, zote mbili zinaweza kuonyesha gemu za kompyuta kwa waya wa USB-C au kwa Wi-Fi, na programu ya Steam Link ni ya bure. Ili Wi-Fi isikwame, fanya mambo matatu. Unganisha kompyuta na ruta kwa waya wa mtandao. Weka ruta chumba kile kile unachochezea. Kisha unganisha miwani kwenye masafa ya GHz 5, au GHz 6 ikiwa ruta inayo. Picha ikikatika-katika, mara nyingi kosa ni kompyuta kuwa kwenye Wi-Fi nayo: data inapita hewani mara mbili, na ruta inazidiwa. Kwa upande wa waya, kebo ya kuchajia iliyokuja na miwani huwa ya polepole. Tafuta ya USB 3 yenye urefu wa mita 3 hadi 5.

PS VR2 haina ubongo wake. Inachomekwa kwenye tundu la USB-C lililo mbele ya PS5 kwa waya wa mita 4.5, na kazi yote inafanywa na PS5. Haifanyi kazi na PS4, tuliweke hilo wazi kwa sababu mitaani PS4 bado ni nyingi. Wala gemu za miwani ya kwanza ya PlayStation VR ya mwaka 2016 hazichezi ndani yake, isipokuwa zile zilizotolewa upya kwa VR2.

Tangu Agosti 2024 Sony inauza adapta ya kompyuta kwa $59.99. Adapta hiyo inataka soketi ya ukutani, tundu la USB, Bluetooth 4.0 au zaidi, na tundu la DisplayPort 1.4 kwenye kadi ya michoro. Kebo ya DisplayPort haimo ndani ya boksi. HDMI haikubali, hata ukinunua kigeuzi. Laptopu ndizo hukwama zaidi: nyingi zina HDMI tu, au zina USB-C iliyounganishwa na kadi ndogo ya ndani na si ile kubwa ya gemu. Soma maelezo ya laptopu yako hadi ujue tundu lipi linatoka moja kwa moja kwenye kadi kubwa, ndipo ulipie adapta. Na ujue unachopoteza: kwenye kompyuta HDR, ufuatiliaji wa macho na mtetemo wa kichwani havifanyi kazi.

Lenzi na skrini

Namba za pikseli zinaonyesha Quest 3 ina takriban asilimia 30 zaidi ya 3S, na PS VR2 ipo katikati. Lakini jicho haliioni skrini moja kwa moja, linaiona kupitia lenzi, na lenzi ndiyo inayoamua pikseli ngapi zitafika zikiwa safi.

Lenzi za Fresnel, zilizomo kwenye 3S na PS VR2, zimechongwa miduara mingi myembamba, kama nyuzi za sahani ya santuri. Ni rahisi kutengeneza na hupitisha mwanga mwingi. Ubaya wake unaonekana kwenye maandishi meupe juu ya giza: miale ya ukungu hutoka pembeni ya herufi, na picha iko kali katikati tu. Ukigeuza macho bila kugeuza kichwa, pembeni panafifia. Lenzi za pancake za Quest 3 huurudisha mwanga mara kadhaa ndani ya tabaka nyembamba, hivyo picha inabaki kali karibu hadi ukingoni. Unasoma ukurasa wa wavuti kwa kuzungusha macho, kama unavyosoma gazeti. Kwa anayetaka kutazama kompyuta yake ndani ya miwani, kusoma au kuandika, tofauti hii ni kubwa kuliko dola zinazotenganisha miwani hizo.

Sasa ile namba ya mboni. Quest 3 ina gurudumu chini ya miwani, unazungusha hadi picha ikae sawa, na Meta inasema inahudumia umbali wa milimita 53 hadi 75. PS VR2 nayo ina gurudumu, na wakati wa kuianzisha kamera zake za ndani zinakuonyesha macho yako kwenye skrini ili uzilinganishe lenzi. Ni njia bora kuliko zote tatu, maana hubahatishi. Quest 3S haina gurudumu. Unazisukuma lenzi kwa vidole hadi kwenye moja ya nafasi tatu: 58, 63 au 68. Mwenye 63 hatajua kama amekosa kitu. Mwenye 65 au 66 yuko kati ya nafasi mbili, atazoea au hatazoea. Mwenye 72 ataona ukungu upande mmoja na macho yatamchoka ndani ya nusu saa, kisha atadhani VR haimfai, kumbe ni lenzi tu.

Rangi ni hadithi nyingine. LCD za Quest zote mbili haziwezi kuonyesha weusi kamili. Usiku ndani ya gemu huonekana kijivu. OLED ya PS VR2 huzima pikseli kabisa, kwa hiyo pango likiwa na giza ni giza kweli, na taa za gari usiku zinawaka kwa HDR. Kwa gemu za kutisha na za mbio za magari, hakuna kati ya hizo mbili za Meta inayoifikia. Hasara yake ni chembechembe zinazoonekana juu ya rangi za kijivu na anga, kama kioo chenye vumbi jepesi. Si ubovu, ni tabia ya skrini za aina hiyo. 

Jambo moja linahusu zote tatu, na linaua miwani kila siku: jua. Lenzi hukusanya miale na kuichoma skrini kwa dakika chache tu, na doa lake halitoki. Usiiache dirishani, barazani wala kwenye kiti cha gari huku lenzi zikitazama juu. Kusafisha ni kwa kitambaa kikavu laini cha miwani, kuanzia katikati kwenda nje. Spiriti na vimiminika vya kusafishia vioo vinaharibu tabaka la juu la lenzi.

Kichwani

Gramu 515 si nzito, ila zote zipo mbele ya uso. Mkanda wa kitambaa unaokuja na Quest 3 na 3S unavuta miwani kwenye mashavu, na baada ya dakika 40 unaacha alama. Karibu kila anayecheza kwa muda mrefu huishia kununua mkanda mgumu. Elite Strap ya Quest 3 iliuzwa na Meta kwa $69.99 na inaingia pia kwenye 3S. Wengine hutengeneza mikanda ya bei nafuu zaidi, na yenye betri nyuma ya kisogo ndiyo inayosawazisha uzito vizuri.

PS VR2 ni nzito kidogo, lakini inakaa kwa pete ngumu inayozunguka kichwa na kubana kwa gurudumu la nyuma. Uzito unabebwa na paji la uso. Mwenye nywele za kusuka, rasta au afro kubwa ataipenda au kuichukia kutegemea fundo limekaa wapi: likiwa kisogoni, pete inateleza, likiwa juu kabisa ya utosi, hakuna shida. Mkanda wa kitambaa wa Quest unapita juu ya utosi, kwa hiyo matatizo yake ni kinyume. Kwa anayevaa hijabu au kilemba, kitambaa chembamba chenye tabaka moja kinafanya kazi kwenye zote tatu, mradi kisiingie kati ya sponji na uso, maana hapo mwanga utapenya.

Wavaaji wa miwani ya kawaida: Quest 3 ina sponji inayosogezwa mbele na nyuma kwa hatua nne, 3S inakuja na kipande cha kuongeza nafasi, na PS VR2 ina kitufe kinachosogeza sehemu yote ya mbele. Fremu pana ndizo zinazokwaruza. Ukisikia lenzi za miwani yako zinagusa za ndani, simama hapo hapo, ongeza nafasi. Mkwaruzo kwenye lenzi ya VR hauondoki, na utauona kila unapocheza.

Joto la pwani nalo lina neno. Mwezi Februari au Machi, Mombasa au Dar, feni za Quest huenda mbio na lenzi hupata ukungu wa jasho. Elekeza feni usoni, usicheze huku unachaji, na miwani ikitoka chumba chenye kiyoyozi ipe dakika chache izoee joto kabla ya kuivaa.

Vidhibiti na kuona chumba

Vidhibiti vya Quest 3 na 3S ni vile vile, kila kimoja kinatumia betri moja ya AA. Nunua nne za kuchaji tena, mbili zikiwa ndani na mbili kwenye chaja, nawe umemaliza habari hiyo. Vya PS VR2 vina betri ya ndani inayochajiwa kwa USB-C na huisha ndani ya saa chache, kwa hiyo vichomeke kila ukimaliza. Faida yake ni mikononi: kifyatulio kinakuwa kigumu unapovuta upinde, mtetemo ni wa ndani zaidi, na miwani yenyewe inatetemeka risasi inapopita karibu.

Kuona chumba bila kuvua miwani, Quest zote mbili hutumia kamera mbili za rangi za megapikseli 4. Unaona meza, unaona mtoto akiingia, unaweza kuweka skrini kubwa juu ya ukuta wako halisi. Quest 3 ina kihisi cha kina kinachokipima chumba, 3S haina, ila ina taa mbili za miale isiyoonekana zinazosaidia kufuatilia mikono gizani. PS VR2 inaonyesha chumba kwa rangi nyeusi na nyeupe, inatosha kutafuta kiti na si zaidi.

Zote hufuatilia mwendo kwa kamera zake, kwa hiyo zinataka chumba chenye mwanga na ukuta wenye kitu cha kushika macho. Ukuta mtupu mweupe, kioo kikubwa au jua la moja kwa moja huzichanganya. Picha ikiyumba chini ya taa za tyubu, fungua mipangilio ya Quest, tafuta masafa ya ufuatiliaji na uweke Hz 50, kwa kuwa umeme wa Afrika Mashariki ni Hz 50 na wa Marekani ni 60. Mipangilio hiyo midogo imeokoa miwani nyingi zilizokuwa zinarudishwa dukani.

Kwenye kompyuta, vidhibiti vya PS VR2 vikipotea-potea, Bluetooth ndiyo ya kwanza kushukiwa. Chomeka kifaa cha Bluetooth kwenye kebo ya kurefusha ya USB, kikae mbali na matundu ya USB 3 ambayo hutoa kelele ya redio kwenye masafa yale yale.

Umeme na intaneti

Quest 3 hudumu saa 2 na dakika kadhaa kwa wastani, 3S hufika kama saa 2 na nusu. Pawabenki mfukoni huongeza muda, na chaja yoyote nzuri ya USB-C ya wati 18 inatosha. Umeme ukikatika, unaendelea. PS VR2 haina betri kichwani, haiishi chaji, ila umeme ukikatika PS5 inazima papo hapo na unaweza kupoteza ulichokuwa hujahifadhi. Anayeishi mahali umeme unapokatika mara kwa mara aongeze UPS (betri ya akiba) kwenye hesabu.

Kuhusu bando: gemu kubwa moja inaweza kufika GB 30, na masasisho ya mfumo huja yenyewe. Quest haina nafasi ya kadi ya kumbukumbu, kwa hiyo GB 128 za 3S zinajaa haraka, na kila unapofuta gemu na kuirudisha unalipia bando upya. Ikiwa intaneti yako ni ya kununua kwa GB, toleo la GB 256 linajilipa.

Bei hadi mlangoni

Kwa bei za Marekani za mwaka 2025, 3S ya GB 128 ni takriban dola 300, ukiongeza mkanda na betri inafika kama 390. Quest 3 ya GB 512 ni 500, pamoja na mkanda na betri ni kama 590. PS VR2 ni 400 kwa mwenye PS5 tayari, na 460 pamoja na adapta kwa mwenye kompyuta inayofaa, kabla ya kebo ya DisplayPort. Asiye na PS5 aongeze mashine yenyewe: Agosti 2025 Sony ilipandisha toleo la diski hadi $549.99 Marekani, kwa hiyo jumla ilikaribia 950. Ndiyo maana miwani moja inaweza kuwa rahisi kwa jirani yako na ghali kwako.

Bei za Marekani hazina kodi ya mauzo. Ukiagiza, VAT ni asilimia 16 Kenya na 18 Tanzania Bara, na hukokotolewa juu ya thamani ya mzigo ikijumlishwa na usafiri, bima na ushuru wa forodha. Uliza pia dhamana itafanya kazi nchi gani. Kwenye PlayStation, nchi ya akaunti haibadilishwi baada ya kuifungua, na kadi za zawadi hufuata nchi hiyo. Fungua akaunti ukijua utailipia kwa njia gani.

Unanunua iliyokwisha kutumika? Iwashe mbele ya muuzaji. Fungua ukurasa mweupe uangalie madoa ya jua. Mulika lenzi kwa tochi ya simu kutafuta mikwaruzo. Sukuma vijiti vya vidhibiti uviachie: vikienda vyenyewe, vimechoka. Kwa Quest, hakikisha muuzaji ameiondoa kwenye akaunti yake na kuirudisha upya kabisa kama ya kiwandani, la sivyo utanunua kitu usichoweza kukifungua.

Kuna waliofikiria kupanda juu. Apple Vision Pro ilianza $3,499 Februari 2024, ikaja na chipu ya M5 Oktoba 2025. Samsung Galaxy XR ilitoka Oktoba 2025 kwa $1,799. Skrini zake ni kali kuliko hizi zote, betri ipo kwenye waya pembeni, na vidhibiti vya mkononi havimo ndani ya boksi. Ni vyombo vya kazi na filamu zaidi ya gemu, na mtu anayepima dola 300 na 500 hahitaji kukosa usingizi kwa ajili yake.

Nani achukue ipi

Hujawahi kutumia VR, huna PS5 wala kompyuta ya gemu, na mboni zako ziko karibu na 58, 63 au 68: Quest 3S. Chukua GB 256 kama bando ni la kuhesabu.

Unataka kusoma, kuandika, kutazama skrini ya kompyuta ndani ya miwani, au mboni zako zimeangukia nje ya nafasi tatu za 3S: Quest 3. Hapa usibane dola.

Una PS5 sebuleni, unapenda mbio za magari na gemu za kutisha, na waya haukusumbui: PS VR2. Gran Turismo 7 na Resident Evil Village zina hali ya VR bila malipo ya ziada kwa aliyezinunua kwa PS5.

Una kompyuta nzuri ya mezani na unataka picha isiyopunguzwa ubora njiani: PS VR2 na adapta yake, mradi DisplayPort 1.4 ipo. Ukiwa na laptopu, au ukitaka kucheza bila waya, moja ya Quest na ruta ya chumbani.

Unaendesha kibanda cha gemu au unataka vifaa kadhaa vya darasani: 3S, kwa sababu kuharibika kwa mojawapo hakuvunji biashara. Weka sponji za silikoni zinazofutika kati ya mteja na mteja.

Ni ya watoto nyumbani: Meta inaruhusu kuanzia miaka 10 kwa akaunti inayosimamiwa na mzazi, Sony inasema 12 na kuendelea. Yeyote mgeni wa VR, mtoto au mtu mzima, aanze akiwa ameketi, dakika 10 hadi 15, kwa gemu ambazo mchezaji hasogei kwa kijiti. Kichefuchefu kikianza, vua mara moja upumzike. Ukilazimisha, mwili hukumbuka, na siku inayofuata kitakuja mapema zaidi.